Kusahau kwa Uaminifu

Mjukuu wangu alikuja Alhamisi moja ya mwezi wa kumi bila kupiga simu, akavua viatu mlangoni, akaniambia anatafuta mzee.

"Mzee gani?"

"Yeyote, Babu. Awe amepita miaka sabini. Lakini akili iwe bado iko sawa."

"Basi umekosea nyumba."

Akacheka, nami nikafurahi kusikia kicheko ndani ya nyumba ile. Naishi Stechford, mtaa wa Birmingham, dakika chache kutoka stesheni, na tangu mke wangu alipofariki, majira matatu ya baridi yaliyopita, naishi peke yangu. Binti yangu yuko Hodge Hill, mtaa wa jirani. Ananipigia simu kila siku akitoka kazini hospitalini, na kwa hilo namshukuru Mungu. Huyu bintiye yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Kabla ya siku ile alikuwa akija sikukuu mbili za Idi, na siku mama yake alipomtuma na sufuria ya chakula. Simlaumu. Nami nilipokuwa na umri wake sikuwa nikikaa na wazee ila nilipoitwa.

Amezaliwa Uholanzi, akakulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu humtoka kwa Kiingereza, na akiwa nami huchanganya ili kunifurahisha. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyonifikia. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili. Mimi Msomali wa Isiolo, mke wangu mtu wa Malindi, na tulipohamia Uholanzi na baadaye Birmingham tuliibeba lugha hiyo pamoja na masanduku.

Anasoma saikolojia. Muhula ule walikuwa wakifundishwa historia, jinsi elimu ya nafsi ilivyoanza kuwa sayansi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jaribio moja la zamani alirudie na mtu wa leo.

"Elimu ya nafsi ilianza zamani sana," nikamwambia. "Sisi tulifundishwa daraja za nafsi kabla hatujaota ndevu."

"Najua, Babu. Lakini hamkuzipima."

"Nafsi inapimwa kwa nini? Kwa ratili?"

"Kwa saa," akasema, akavuta kiti.

Akanieleza. Nilimsikiliza kwa makini, maana ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kunieleza jambo refu. Alisema watu walikuwa wakibishana juu ya nafsi tangu kale, wakiwa wamekaa vitini. Kisha kule Ujerumani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwalimu mmoja alipata chumba chuoni akakijaza saa na vyombo, akasema sasa tupime. Mtu aliketi, akasikia mlio, akabonyeza kitufe, nao wakahesabu muda uliopita kati ya sikio na kidole. Wakati mwingine walimtaka aseme alichokiona ndani yake mwenyewe wakati ule. Na mwalimu naye hakujiweka juu. Siku yake ikifika aliketi kwenye kiti kilekile akapimwa na wanafunzi wake. Hilo lilinipendeza.

Lakini jaribio alilolichagua mjukuu wangu lilikuwa la Mjerumani mwingine. Huyo hakuwa na chumba kama kile. Alitaka kujua binadamu anasahau vipi, akajiweka yeye mwenyewe kuwa wa kupimwa. Alitunga silabi zisizo na maana, nyingi kupita kiasi, kwa kuwa neno lenye maana hujishika lenyewe akilini na kuharibu kipimo. Kwa miaka kadhaa alizisoma kwa mwendo wa mlio wa saa mpaka akaweza kuzisema bila kuangalia, akaziacha, akarudi baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya mwezi, kuona zimebaki ngapi.

"Nani alikuwa akimsikiliza?" nikauliza.

"Hakuna. Alikuwa peke yake."

"Miaka yote hiyo?"

"Peke yake, Babu."

Nilimwonea huruma mtu yule. Mimi tangu utotoni sikuwahi kuhifadhi kitu bila msikilizaji. Utotoni alikuwa mwalimu, na baada ya kuoa alikuwa mke wangu. Kila siku baada ya Alfajiri aliketi na msahafu mapajani, nami nikasoma kwa moyo, yeye akifuata kwa kidole. Nikikosea hakusema neno. Aligonga goti lake mara moja. Nilirudi nyuma mwenyewe nikatafuta, na nikipata, aliendelea. Tangu aondoke nimejaribu kusoma mbele ya kiti kitupu, lakini kiti hakijui ulipokosea. Nimekuwa nikiruka aya na kugundua siku ya pili. Kwa hiyo mtoto aliponiuliza kama nitakubali kukaa naye kila Alhamisi mchana, nikakubali kabla hajamaliza.

Alitoa kadi kumi na mbili, kila moja ina silabi moja. Vad. Kel. Zof. Nimezihifadhi mpaka leo ila sitaziandika zote. Akaweka simu mezani ikawa inagonga tik, tik, kama saa.

"Soma kwa sauti moja, Babu. Usipandishe, usishushe."

Nikaanza vizuri. Mzunguko wa tatu akainua mkono.

"Babu, unaimba."

"Siimbi. Nasoma."

"Unaimba! Na unayumba."

"Ndivyo tunavyosoma."

"Yule Mjerumani alisoma kama saa ya ukutani."

"Ndiyo maana alisahau."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Tukaanza upya, nami nikashika kingo za kiti ili nisiyumbe. Ilikuwa kazi ngumu. Maneno yasiyo na maana hayana pa kushika. Nilisoma, nikafunga macho, nikasema, nikakwama. Yeye alisema, "Tena, Babu," nami nikasoma tena. Tulianza baada ya Adhuhuri, na nilipoweza kuzisema zote mara mbili mfululizo bila kosa, jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili. Sikumbuki mchana mzuri kama ule kwa muda mrefu.

Akivaa viatu akanigeukia. "Sasa sharti. Mpaka Alhamisi ijayo usizidurusu hata kidogo. Usizirudie kichwani. Ziache zisahaulike zenyewe. Unaahidi?"

"Inshallah."

"Si inshallah ya wazee, Babu. Inshallah ya kweli."

Nikaahidi.

Hapa ni lazima nieleze tulivyosomeshwa. Katika chuo cha Kurani kule Isiolo tuliandikiwa kwenye loho, ubao wa mti, kwa wino wa mkaa uliokorogwa na maziwa na gundi. Ukishahifadhi, loho inaoshwa ili iandikwe somo jipya. Maji yakipita, aya ile haina mahali pengine pa kukaa ila kifuani mwako. Kwa hiyo kila siku, kati ya Magharibi na Isha, tulirudia ya jana, na ya juzi, na ya mwezi uliopita. Mtoto aliyesahau hakuambiwa ana akili nzito. Aliambiwa amepewa amana akaiangusha. Haya yakiingia mwilini ukiwa na miaka sita hayatoki ukiwa na sabini na minne.

Sikukusudia kuvunja ahadi. Ijumaa baada ya Alfajiri nilipomaliza nyiradi, ulimi wenyewe ukateleza: vad, kel, zof. Nikajiambia huko si kudurusu, ni ulimi tu. Jumamosi nikazisema zote kumi na mbili kuhakikisha kwamba sizikumbuki. Kufikia Jumatatu nilikuwa nikizivuta kwa tasbihi baada ya kila sala, punje moja kwa silabi moja, na mtu angeniona angedhani namtaja Mola wangu. Mungu anisamehe.

Alhamisi ya pili mtoto aliketi, akawasha tik tik yake, akaniuliza nakumbuka zipi. Nikazisema zote, kwa mpangilio, bila kosa.

Akasimama. "Babu!"

"Alhamdulillahi."

"Haiwezekani. Watu wote wanasahau. Hasa siku za mwanzo, zinaanguka kama majani." Akaandika haraka haraka, akaniambia atamweleza mhadhiri wake kwamba wazee waliosomeshwa kwa moyo huenda hawasahau kama watu wengine. Akanibusu mkono. Kisha akavaa koti.

"Mbona mapema?"

"Tumemaliza. Kama huna ulichosahau, hakuna cha kujifunza tena. Nikikimbia naiwahi treni. Alhamisi ijayo tunapima tena silabi hizohizo."

Hata kiti hakikupata joto. Nilisimama dirishani nikamwangalia akipita kwenye kona, begi likimruka mgongoni. Chai niliyoiweka jikoni nikaja kuinywa mwenyewe.

Wiki hiyo nilifikiri sana, na fikra zangu hazikuwa nzuri. Niliona kwamba hesabu ya jaribio lile ilikuwa rahisi. Nikikumbuka, anaondoka. Nikisahau, anakaa na kuniambia "Tena, Babu," mpaka jua lihame dirisha. Nimefundisha watoto wa watu adabu ya ukweli miaka mingi, kwanza Garissa na baadaye hapa Birmingham siku za Jumamosi. Lakini nyumba ikiwa kimya sana mtu huanza kubishana na aliyoyafundisha.

Alhamisi ya tatu aliniuliza nakumbuka zipi. Nikasema vad. Nikasita. Nikasema kel. Kisha nikatikisa kichwa.

"Hizo tu?"

"Hizo tu."

Akatazama karatasi yake ya wiki iliyopita, akatazama ya leo. "Haya, tusome tena." Tukasoma. Nilikosea pale nilipochagua kukosea, na yeye akasema tena, na tena. Kwa muda nilikuwa na furaha. Kisha nikaona ameacha kuandika. Sauti yake ilikuwa imeteremka, imekuwa laini, sauti anayosemeshwa mgonjwa.

"Babu, umekula leo?"

"Nimekula."

"Ulikula nini?"

"Mkate na mayai."

"Babu, usikasirike. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mwezi?"

Nikamtajia mwezi. Aliitikia kwa kichwa polepole, lakini nikaona kidole chake kinatafuta jina la mama yake kwenye simu. Mtoto yule alikuwa ameona mzee wiki moja anazijua silabi zote na wiki inayofuata hana kitu, na somo lake lilikuwa limemfundisha vya kutosha kuogopa jambo kama hilo. Nilikuwa nimetaka akae. Sikuwa nimefikiri atakaa na nini.

"Ngoja," nikamwambia. "Wakati wa Alasiri umeingia. Tusali kwanza."

Tulisali, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Sijui nilisoma nini katika sala ile. Nilipotoa salamu niligeuka nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka.

"Nazijua zote," nikasema. "Sijasahau hata moja. Leo nimekudanganya. Na wiki iliyopita sikukwambia kwamba nimezidurusu kila siku baada ya sala."

Aliachia simu ikaanguka mapajani.

"Babu, yaani umenidanganya mara mbili. Kwanza umejua usichotakiwa kujua, halafu umejifanya hujui."

"Ndiyo."

"Nilidhani unaumwa! Nilikuwa namwita Mama!"

"Niliona. Nisamehe, mama."

"Kwa nini lakini?"

Ningeweza kumwambia habari ya loho, na ingekuwa kweli nusu. "Ya kwanza ni mazoea," nikasema. "Ya pili, ni kwamba tukimaliza unaondoka."

Alivuta nyuzi za mkeka kwa vidole kama alivyokuwa akifanya utotoni bibi yake akimkataza. Kisha akasema, bila hasira, kwamba alichoandika chote hakifai, na ripoti inatakiwa kabla ya mwisho wa muhula. Akaniambia pia jambo ambalo bado nalifikiria. Alisema katika vile vyumba vya kwanza walikuwa na saa nzuri kuliko zote, lakini mambo ya ndani ya mtu saa haikuyafikia. Iliwabidi wamuulize, na wamwamini. Akisema uongo, hakuna chombo cha kumkamata.

"Kwa hiyo sayansi yenu ilisimama juu ya ushahidi wa mtu mmoja," nikasema.

"Upande huo, ndiyo. Baadaye wengine waliikataa njia hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Watu kama wewe, Babu, ndio mlioiharibu."

Alipolitoa tusi lile nilijua nimesamehewa.

Tukafanya upya. Alikata kadi nyingine, silabi nyingine kumi na mbili, tukazisoma mpaka giza la saa kumi na moja likaingia. Safari hii ningeziacha mwezi mzima, kwa uaminifu. Na katika mwezi huo hangekuja. Alikuwa na mitihani na kazi za chuo, na hakutaka kuniahidi asichokiweza.

"Utaweza?" akaniuliza mlangoni.

"Kusahau? Wazee wote wanaweza."

Haikuwa rahisi. Mwezi wa kumi na moja hapa ni mfupi wa mchana na mrefu wa mambo mengine. Silabi zilinijia nikitia udhu, nikiosha kikombe, nikingoja taa ya kijani barabarani ili nivuke. Kila zilipokuja nilileta istighfari nikazifukuza. Maisha yangu yote nilikuwa nimepigana ili vitu visiondoke, na sasa nilikuwa nikishikilia mlango wazi ili vitoke. Baada ya wiki mbili zikaanza kweli kwenda. Nilijaribu kutogeuka kuziangalia.

Katika siku hizo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitafuta. Asubuhi moja, nikiwa na viatu vya msikitini mkononi, nilitaka kumsikia mke wangu. Alikuwa na desturi ya kuniita kutoka jikoni kabla sijatoka, kuniuliza kama nimechukua kofia. Maneno niliyapata yote. Sauti haikuja. Nilisimama ukumbini nikangoja, nikayasema maneno yale mwenyewe kwa sauti yangu, lakini nilijisikia mimi. Hakupenda kurekodiwa, marehemu. Alisema sauti ya mwanamke ni ya nyumba yake. Nikawaza kwamba aya nilikuwa nikizidurusu kila siku, silabi za kijinga nimezidurusu kwa tasbihi, na ile sauti sikuidurusu. Na hata ningetaka, mtu hawezi kuidurusu sauti ya mwingine akiwa peke yake. Siku hiyo nilikwenda msikitini bila kofia, masikio yakaniuma kwa baridi, nami nikamshukuru Mungu kwa miaka ambayo hayakuuma.

Sikumwambia mtu. Mwezi ukaisha.

Alikuja Alhamisi, mara tu baada ya Adhuhuri, pua nyekundu kwa upepo. Alikonda kidogo kwa mitihani. Akatoa kadi, akaweka simu.

"Kwa uaminifu, Babu."

"Wallahi, kwa uaminifu."

Nilikumbuka mbili. Ya tatu niliibahatisha ikawa siyo. Zilizobaki zilikuwa zimeoshwa kama loho, na nilipomwambia hivyo aliniangalia kwa huruma, kwa kuwa safari hii alijua sidanganyi.

"Usijali. Sasa tusome."

Tukasoma kwa mlio wa saa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mchana mrefu kama ule wa kwanza, na nakiri kwamba nilikuwa nauomba. Lakini mzunguko wa nne silabi zikaanza kukaa zenyewe mahali pake. Mzunguko wa saba nusu ya mwanzo ilikuwa yote kinywani. Haukupita muda nikazisema kumi na mbili mara mbili mfululizo. Hata sikuyumba.

Mtoto alihesabu alama kwenye karatasi, akatabasamu. "Umeona? Mara ya kwanza ilichukua mizunguko zaidi ya mara mbili ya hii. Hiki ndicho alichokipata yule Mjerumani. Unaona kama kimeondoka chote, lakini ukijifunza tena inakuwa kazi ndogo. Ile tofauti ndiyo iliyokuwa imebaki."

"Ilikuwa imebaki wapi, nami nilikuwa siioni?"

"Haionekani. Ukijiuliza unakumbuka nini, haitoki. Mpaka uanze kujifunza tena ndipo inajitokeza."

"Na sauti?"

"Sauti ya nini?"

Nikamtazama. Ana paji la uso la bibi yake, lakini sauti ni yake mwenyewe, ya watoto wa mji huu. "Sauti ya mtu," nikasema.

Alifikiri. Nilipenda kwamba hakujibu haraka. "Sijui, Babu. Yeye alipima silabi tu."

Akakusanya kadi, akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye begi. Jaribio lilikuwa limekwisha na ripoti yake ingekwenda. Alivaa koti mkono mmoja, akatafuta saa ya treni kwenye simu, kisha akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Alasiri bado sana?"

Siku zile Alasiri huingia mapema, na kama ningesema imekaribia asingejua. Niliiangalia saa ya ukutani.

"Bado karibu saa nzima," nikamwambia.

Alisimama na mkono mmoja ndani ya koti, akatazama nje mvua iliyokuwa imeanza. Kisha akautoa ule mkono.

"Basi chukua msahafu, Babu," akasema. "Nasoma polepole, usinicheke. Lakini kufuata kwa kidole naweza."

Nikaushusha msahafu, nikampa, nikaketi mbele yake. Nilikwama aya ya tano. Akasema, "Tena, Babu."

Nikarudi mwanzo.